Daftari la Mapacha

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Imla ya darasa la nane leo. Aibu tupu. Watoto kumi na tisa, waliofika alama ya kupita kumi. Mwaka juzi walipita wote isipokuwa wawili.

Kiingereza ni lugha ya hila, nilijua tangu jeshini. Kiswahili ukishakisema umeshakiandika. Kiingereza hapana. Sun ni jua, son ni mwana, na mdomo unayatoa sawasawa bila tofauti hata chembe. Flour ya kupikia, flower la bustanini. Nilipokuwa mtu wa simu kule Burma, sajini wetu Mwingereza alinipa daftari jeusi, akaniambia nikusanye humo kila jozi ya namna hiyo nitakayokutana nayo, maana mtu wa simu akichanganya maneno watu wanakufa. Nimekusanya mpaka leo. Daftari la Mapacha. Jozi mia nne na kumi na mbili. Hakuna mwalimu mwingine wa Newala wala Masasi mwenye kitu kama hiki, na nalisema hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia najisifu.

Basi wanashindwa nini? Mapacha wote nimewapa. Na aliyekosa kuliko wote ni yule binti aliyehamia kwetu Januari kutoka Lukuledi, Veridiana. Makosa ishirini na saba! Nilimwita mbele nikamuuliza kwa nini. Akainama, midomo ikacheza kidogo, sikupata neno. Kiburi cha kimyakimya ndicho kinachoniudhi. Nimempiga bakora nne, kiganja cha kushoto, ili cha kulia kiendelee kuandika.

Ukame umezidi. Hata nyenje mwaka huu hawalii.

Ijumaa, 10 Agosti

Orodha ya watakaofanya mtihani wa kuingia darasa la tisa inakwenda Masasi Jumatatu. Mwalimu Mkuu Yeremia ameniachia Kiingereza, kama kila mwaka. Sharti letu ni lile lile: asiyefikia nusu ya imla hapelekwi, maana imla ndiyo inayowaangusha huko mbele.

Nimelifuta jina la Veridiana.

Yeremia alishangaa. Alisema hesabu zake ni za kwanza darasani, na insha zake ni safi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mwenye hakika hapa ni kalamu nyekundu. Akasaini.

Binti mwenyewe anataka uuguzi. Miaka kumi na saba sasa, hawezi kurudia darasa, na mjomba wake kule Lupaso alimwachia mwaka huu mmoja tu. Haya nayajua. Lakini nikianza kupitisha watu kwa huruma nitakuwa mwalimu gani?

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kanisa limejaa. Kwaya dhaifu sana. Niliwaona wamepanua vinywa, lakini sauti haikufika nyuma nilipokaa. Nilimwambia Julia tukiwa njiani. Alinishika mkono. Mke wangu hanishiki mkono barabarani.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimekasirika kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Niandike taratibu.

Julia amerudi kutoka kuteka maji mchana. Huko foleni ni ndefu siku hizi, na maneno ni mengi kuliko maji. Akatua ndoo, akaja kusimama mbele yangu kama kawaida yake, akasema, Baba Agnes, Mama Veridiana alikuja hapa Alhamisi.

Nikasema hakuja. Alhamisi nilikuwa hapa barazani mchana kutwa, nasahihisha.

Alikuja, akasema. Kapanda kutoka Lupaso na mguu wake mbovu. Kapiga magoti nyuma yako, pale kwenye ngazi, akakuamkia. Shikamoo, Mwalimu. Hukujibu. Akaamkia tena. Akaamkia mara ya tatu. Ukageuza ukurasa.

Nikasema sikumwona.

Julia akasema, hakusema hukumwona. Anasema hukumjibu.

Nimekaa na neno hilo tangu saa nane. Shikamoo ya mtu aliyepiga magoti, mara tatu, nikageuza ukurasa! Huku kwetu hata anayekwenda kufungwa huitikiwa. Mama yule alisimama, akashuka zake, na jana mjomba mtu amekuja kumchukua Veridiana na kisanduku chake. Maneno aliyoyaacha kwa jirani ni mafupi: mwalimu aliyeikataa salamu ya mama hawezi kumtakia mema mtoto.

Nilimwambia Julia kwamba huyo mama ana sauti ndogo. Ndipo mke wangu akaketi chini. Akasema watu wote wa hapa, mwaka mzima sasa, wakitaka kuniamkia huzunguka kwanza wakaja mbele yangu. Wenye duka, wanafunzi, padre, hata Agnes wetu. Mama Veridiana ni mgeni, hakuna aliyemwambia azunguke.

Nikamuuliza, na ninyi nani aliwaambia? Akasema hakuna. Kila mmoja ameona mwenyewe.

Mwaka mzima. Nilidhani wananiheshimu.

Nikamwambia atoke mbele yangu. Akaondoka. Kikombe nilichokirusha kilipasuka ukutani, na sasa nikiwaza, sikumbuki kilipasuka kwa sauti gani.

Jumapili, 19 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilibaki na saa yangu ya jeshini.

Sikio la kulia halina kitu tangu mzinga ulipopasuka karibu nami kule Burma, hilo si jipya, sijawahi kulificha. Nilikuwa nasema siku zote kwamba la kushoto linatosha. Nikaweka saa kwenye la kushoto. Nikangoja. Nikaibana mpaka ikaniumiza.

Nikadhani imesimama. Nikaitazama. Mshale unatembea.

Kwa hiyo nyenje wanalia. Na kwaya iliimba.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nione linakaaje. Naogopa.

Jumatatu, 20 Agosti

Asubuhi nilichukua daftari la imla la Veridiana. Aliliacha kwenye dawati. Siku zote nilikuwa nahesabu makosa yake, sikuwa nimeyasoma.

Kifungu kilikuwa cha mkulima anayekwenda sokoni. Penye seat kaandika see. Penye light kaandika lie. Penye road kaandika row, penye white kaandika why. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na wiki iliyotangulia hivyo hivyo, na ile ya nyuma yake. Mtoto asiyejua hukosea ovyo, leo hivi, kesho vile. Huyu anakosea kwa mpango. Kila neno limekatwa mkia mahali pale pale.

Nilimtafuta Mwalimu Abdulkadiri, wa hesabu, nikamfungia nami darasani wakati wa mapumziko. Kijana mwenye adabu sana. Nikampa karatasi nikamwambia nitamsomea imla.

Aliandika. Nikaangalia. Hakuna kosa hata moja. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikaona hanitazami usoni. Nikamuuliza, Abdulkadiri, umeandika nilichosema au unachojua?

Nikamwambia, nakusomea tena. Safari hii andika kinachokufikia sikioni tu, hata kama ni upuuzi. Usiniheshimu.

Alikataa. Ilibidi nimwombe, mimi niliyemzidi miaka kumi na minane. Aliandika huku machozi yakimlengalenga. Nikaiweka karatasi yake kando ya daftari la Veridiana. See. Lie. Row. Why. Kana kwamba mmoja amenakili kwa mwenzake.

Hao wengine kumi na wanane nimewafundisha tangu darasa la tano. Ulimi wangu umeharibika mbele yao kidogo kidogo, na wao wakajifunza kuutengeneza vichwani mwao. Wanaandika nilichokusudia. Veridiana mgeni. Yeye aliandika nilichosema.

Nimempiga kwa sababu hiyo. Si mara moja. Nimehesabu kwenye rejista ya adhabu: mara sita tangu Machi.

Nimekaa na Daftari la Mapacha mbele yangu. Jozi mia nne na kumi na mbili ambazo Waingereza wenyewe wamezifanya zilingane. Hizi nyingine, see na seat, lie na light, hazimo, wala hazikupaswa kuwamo. Hizo ni zangu peke yangu. Nimewazaa mapacha wasiokuwapo duniani, kisha nikamchapa mtoto kwa kushindwa kuwatofautisha.

Jumanne, 21 Agosti

Leo nimeandika somo lote ubaoni. Sikusema kitu. Watoto wamenakili kimya. Au si kimya. Sijui.

Nimemwomba Julia msamaha. Nilisema barabara, bila kuzunguka. Akauliza tu, sasa kwa yule mama itakuwaje?

Alhamisi, 23 Agosti

Nimetoka Lupaso. Lori mpaka njia panda, kisha baiskeli ya kuazima. Miguu imekufa, ila niandike kabla sijasahau mpangilio wa mambo.

Nyumba yao iko ndani ya mikorosho. Mama Veridiana alikuwa uani anachambua mbaazi. Aliponiona alitaka kusimama apige magoti aniamkie, mtu niliyemdharau! Nikamwahi. Nikasema, hapana, mama, wewe umeshaniamkia. Mimi ndiye nilikuwa bado. Nikavua kofia. Nikasema, marahaba, Mama Veridiana. Marahaba. Marahaba.

Zote tatu, moja moja.

Uso wake siwezi kuuandika. Ungo ulimponyoka, mbaazi zikamwagika, naye akaacha zilivyo. Nikamwambia mimi ni kiziwi. Sikuwa nimewahi kulitamka. Nilimwambia sikio la kulia halisikii, la kushoto linasikia nusu, na kwamba sikumsikia pale ngazini, naapa kwa watoto wangu. Akalia, nami nikalia. Kisha akaleta mkeka, kama kwa mgeni yeyote.

Mjomba alitokea shambani, Majaliwa, mtu mrefu mwenye sharubu nene zilizofunika mdomo wote. Alisema mengi. Sikupata hata moja, na nilianza kuitikia kwa kichwa kama nifanyavyo siku zote, kumbe ndivyo ninavyodanganya watu. Ndipo nikamwona Veridiana amekaa nyuma kidogo ya mjomba wake, amenielekea. Kila mjomba aliposema, naye aliyarudia kwa midomo tu, polepole, ili niyaone.

Mjomba anasema nimechelewa. Mjomba anasema kuna mtu wa Nangomba ameleta posa. Mjomba anasema jina likirudi kwenye orodha yeye atamwambia huyo mtu angoje, lakini anataka kuliona, hataki kuambiwa. Mwisho wa mwezi.

Nikamuuliza Veridiana alijua lini kwamba sisikii. Akasema wiki ya pili. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Ungeniambia nisingekupiga.

Akasema, ningeanzaje, Mwalimu?

Mtoto hamwambii mkubwa, husikii wewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo, na nilikuwa na bakora.

Nilimwonyesha kiganja changu cha kushoto. Nilitaka kusema kitu. Akakitazama, akatikisa kichwa, akanikunjia vidole.

Jumamosi, 25 Agosti

Kwa Yeremia. Nimemweleza yote. Alifunga mlango wa ofisi kwanza, ndipo nikajua naye alikuwa anajua.

Ni mtu mwema. Tumekuwa pamoja miaka tisa. Aliniandikia kwenye karatasi ili asipaze sauti: tuseme jina liliachwa kwa makosa wakati wa kunakili. Akaandika barua hapo hapo, akaipiga muhuri. Nikamwambia Bwana Elimu kule Masasi hutaka kuona madaftari ya imla kila jina linapoongezwa. Akaandika: mpe binti daftari jipya. Amsomee Abdulkadiri. Jumatatu asubuhi linakuwa tayari.

Nikafikiri. Sitasema sikufikiri. Veridiana angerudi, mimi ningebaki. Ningeandika ubaoni mpaka nistaafu.

Kisha Yeremia akaandika jambo ambalo nadhani hakulipima. Kwamba wale wanane wengine walioanguka imla wasiguswe, maana orodha ikibadilika sana watauliza.

Wanane! Nilikuwa nimewasahau, Mungu anisamehe, kwa kumfikiria mmoja. Wao nao ni wanafunzi wa mdomo wangu. Siwezi kusema kwa hakika yupi ameanguka kwa uvivu wake na yupi kwa ulimi wangu. Itabidi asome imla mtu mwingine, darasa zima, upya. Na kwa hilo lazima Masasi waambiwe sababu.

Wakiambiwa, mwalimu wa Kiingereza asiyesikia hakai. Nyumba hii ni ya shule. Agnes yuko darasa la tatu. Nina miaka arobaini na mitatu na kazi nyingine ninayoijua ni simu.

Barua ya Yeremia niliichukua. Sikuahidi kitu.

Jumapili, 26 Agosti

Nimeandika barua yangu. Kurasa mbili, Kiingereza. Niliikagua kila neno, yasije yakaingia mapacha.

Nilimsomea Julia kwa Kiswahili. Aliposikia habari ya nyumba alitazama dari, ukuta, tanuri alilolijenga mwenyewe kule nyuma. Nilimwambia aseme nisiende. Nilimwomba kabisa. Akasema, nikisema usiende utanisikia?

Alicheka mwenyewe, halafu akajishika mdomo. Nami nikacheka. Kisha akaenda kutia makaa kwenye pasi, akanipigia shati jeupe.

Jumatatu, 27 Agosti. Masasi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Elimu. Nimefika saa mbili. Sasa ni saa nne na robo kwa saa ninayoiona bila kuisikia.

Tulikuwa watu tisa. Karani anafungua mlango, anaita jina, mtu anaingia. Anaitia upande wa ndani, akiwa ameinamia karatasi zake, sioni mdomo. Kila akitokea nanyanyuka nusu, mwingine anakwenda, nakaa. Tumebaki wanne. Waliokuja baada yangu wawili wameshaingia na kutoka. Inawezekana nimeshaitwa. Inawezekana ameita mara tatu kisha akageuza ukurasa.

Kando yangu amekaa mama mmoja, Somoe, kwa jinsi karani alivyomwandika mbele yangu pale mlangoni. Amekuja kwa ajili ya mtoto wake. Amenitazama mara kwa mara nikiandika.

Ningeweza kuondoka. Lori la Newala linapakia hapo chini, naliona moshi wake. Ningesema nilingoja sikuitwa, na lingekuwa neno la kweli.

Nimemgeukia. Nimemwambia, mama, mimi sisikii. Naitwa Mwalimu Nikolao. Karani akiniita, tafadhali niguse.

Mara ya pili nalitamka, na kwa mtu nisiyemjua. Hakushangaa. Amechukua kikapu chake, akanizunguka, akaja kukaa upande huu wa kushoto, karibu, akauelekeza uso wake mlangoni.

Nimeshika madaftari tisa na barua yangu. Ile ya Yeremia, yenye muhuri, naiacha humu katikati ya kurasa hizi. Mlango umefunguka. Karani ameinama. Mama huyu ameweka mkono wake begani kwangu